Jikoni kwa Mama Chibalonza

Wahenga walisema mficha uchi hazai, wala hawakuona haya kulitamka neno hilo. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu akikataa kuvua nguo mbele ya mkunga, mkunga atamsaidiaje? Vivyo hivyo mwenye shida akiifunika, shida humlea yeye badala ya yeye kuitatua. Wapo wanaodhani methali hii ilipitwa na wakati tangu watu waanze kujifungulia hospitalini. Hao na waje Granville, hapa Sydney, wamwone Nsimire.

Nsimire alikuwa mzaliwa wa Bukavu. Alipofika nchi hii alipata kazi katika ghala moja huko St Marys, akainua masanduku mazito hadi mgongo ukagoma na daktari akamkataza kabisa. Hakukata tamaa. Alisoma jioni, akapata cheti, na hatimaye akaajiriwa na kampuni ya kupeleka wahudumu kwa wazee majumbani mwao. Kazi yake ilikuwa kupanga zamu: mhudumu akiugua, yeye amtafute mwingine na kubadilisha jina katika ratiba ya kompyuta. Yote hayo aliyafanya nyumbani, wala ofisini hakuwahi kutia mguu. Alipewa miezi mitatu ya majaribio. Akishindwa angeonyeshwa mlango, na mlango huo, kwa jinsi alivyoona, ulielekea kwenye masanduku.

Nyumba yao ilikuwa ndogo, na meza pekee ilikuwa jikoni. Jikoni nako kulikuwa na mwenyewe, naye ni mama mkwe wake, Mama Chibalonza. Kila asubuhi bibi huyo aliketi pale akichambua maharage na kuimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya mtu aliyeongoza kwaya miaka mingi bila kipaza sauti. Nani angemwambia anyamaze? Kwao, mkaza mwana hamwamrishi mama mkwe, hata kwa upole. Basi Nsimire aliona heri azime kamera, azime na sauti, ili wenzake wasione masufuria wala wasisikie pambio.

Mafunzo ya wiki ya kwanza yaliendeshwa kwa mtandao na kijana aitwaye Clifford, aliyezungumza haraka kama dalali mnadani. Alibonyeza hapa, akabonyeza pale, majina yakahama kwenye ratiba, kisha akauliza, "Nsimire, umeelewa?"

Nsimire alitikisa kichwa kukataa. Alikitikisa kwa nguvu hasa. Lakini kamera ilikuwa imezimwa, na Clifford, aliposikia kimya, akashukuru na kuendelea mbele. Ewe Nsimire, ulikuwa unamtikisia nani kichwa? Baada ya hapo aliona aibu kurudi nyuma. Mgeni aliyefika juzi aanze kuwasumbua wenyeji kwa maswali?

Akajitafutia njia yake. Mhudumu akiugua, Nsimire alichukua simu yake mwenyewe, akampigia mwingine, akamsalimu, akauliza habari za watoto na za goti linalouma, ndipo akamwomba aende. Wahudumu walimpenda. Tatizo ni kwamba ratiba haikujua lolote kuhusu simu hizo. Kila zamu aliyoijaza kwa mdomo ilibaki nyekundu kwenye kompyuta, kama zamu isiyo na mtu, na wenzake walipotazama waliona mtu asiyefanya kazi.

Siku moja mhudumu aitwaye Olivier, aliyetumwa na Nsimire kwa simu, alifika kwa mzee mmoja wa mtaa wa Liverpool, hapa hapa Sydney, akamkuta mhudumu mwingine mlangoni. Huyo wa pili alikuwa amepelekwa na ofisi baada ya kuona wekundu, tena alitolewa kwa bibi mmoja aliyekuwa akimngoja amwogeshe. Mzee akapata wahudumu wawili, bibi akakaa bila kuoga hadi mchana.

Msimamizi wao, Mkenya aitwaye Zilpah, akapiga simu ya mtandaoni kutaka maelezo. Nsimire hakuwapo. Dakika chache kabla, Mama Chibalonza, aliyezoea kumwita kwa jina la mwanawe, alikuwa amemwambia, "Mama Akilimali, kwa kuwa umekaa tu unatazama hicho kioo, hebu nenda uniletee vitunguu." Naye akaenda.

Aliporudi alikuta ujumbe: "Nimekupigia hupatikani. Kesho asubuhi tuzungumze. Tafadhali uwashe kamera." Nsimire aliketi na mfuko mapajani, machozi yakamtoka.

"Vitunguu hujavikata bado," mama mkwe alisema. "Unalia nini?"

Ndipo Nsimire alipofungua moyo. Alieleza yote: kazi, ratiba, kamera, hata nyimbo. Mama Chibalonza aliacha maharage yake.

"Mimi nilidhani unatazama sinema. Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, Mama? Wewe ni mama mkwe wangu."

"Ni mama mkwe, si simba." Ilikuwa dhahiri kwamba neno hilo limemchoma bibi. "Basi kesho mwambie mkubwa wako kama ulivyoniambia mimi."

Asubuhi Nsimire aliwasha kamera. Nyuma yake masufuria yalionekana yote. Zilpah alimtazama, akaacha Kiingereza.

"Nsimire, sitakuficha. Nimekuja na maneno ya kukuaga. Kuna lolote la kusema?"

Nsimire akasema, "Madamu, sijui kubadilisha jina kwenye ratiba. Sikujua tangu siku ya kwanza. Zamu zote nilizijaza kwa simu."

"Zote?" Zilpah aliinama kidogo kuelekea kioo. "Na sababu ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu."

Zilpah alimwonyesha hatua kwa hatua, akamwachia ajaribu mwenyewe. Jina likahama, wekundu ukawa kijani. "Ofisini ningekuona umekunja uso, ningekuja mezani kwako," alisema. "Huku mbali, usiposema hupo. Kamera si kitu, mama. Kimya chako ndicho kilichokuwa kinakufukuza. Sasa mchana, kwenye mkutano, utauliza mbele ya wote jinsi jina linavyobadilishwa."

Mchana Nsimire aliuliza kama alivyoagizwa. Kisha Njenga, aliyekuwa na mwaka mzima kazini na aliyejiita fundi wa ratiba, akakohoa.

"Rudieni hapo kidogo," alisema. "Hata mimi huwa napiga simu."

Miezi mitatu ilipokwisha, Nsimire alibakizwa kazini, kisha akakabidhiwa wageni wapya awaonyeshe kazi. Mama Chibalonza alikwisha kujua kwamba mkwewe akivaa vile vidude vya kusikilizia masikioni, nyimbo husubiri.

Mgeni wa kwanza alikuwa binti aitwaye Shirleen. Nsimire alimwonyesha ratiba polepole, kisha akamuuliza kama ameelewa.

"Ndiyo, nimeelewa," Shirleen alijibu upesi, kamera yake imezimwa.

Mama Chibalonza aliweka chini ungo wa maharage, akasogeza uso wake karibu na kompyuta mpaka ukajaa kwenye kioo chote.

"Mwanangu," alisema, "usituonee haya, sema pale paliposhindikana. Mficha uchi hazai."