Tambi za Bi Sukarti

Nimekaa sasa hivi, hata mgongo haujanyooka, mmeshaanza: bibi hadithi, bibi hadithi. Mama zenu hawana midomo? Haya. Nikisema sogeeni, semeni tumesogea. Asiyeitikia akalale.

Sogeeni!

Tumesogea!

Hapo kale, nchi ya Java, palikuwa na mwanamke jina lake Lasmini, muuza soto. Soto ni supu ya kuku yenye tambi, na kule kila mji una yake. Mama mkwe wake, Bi Sukarti, alizijua zote. Alipokuwa akikata roho alimwambia:

"Mkaza mwanangu, nakuachia jiko na wateja. Bakuli la kwanza kila asubuhi ni langu. Liweke kando ya mafiga kabla hujaonja."

"Nimesikia, mama."

Amesikia! Hata mbuzi ana masikio.

Siku zikapita, Lasmini akaona uchungu. "Tambi nzuri hizi nimpe maiti? Meno anayo?" Akachukua uzi mweupe wa kushonea, akauchemsha, akamwagia mchuzi juu.

Siku ya kwanza alipika soto ya Betawi, ya tui zito. Akaweka uzi. Bakuli akalikuta tupu, kavu. Akacheka.

Siku ya pili, soto ya Lamongan, ya manjano, juu imenyunyiziwa unga wa kamba waliokaangwa. Akaweka uzi. Tupu, kavu. Akacheka.

Siku ya tatu, soto ya Banjar, inanukia mdalasini. Akaweka uzi. Bakuli halikuguswa. Hapo hakucheka.

Adhuhuri, jua la utosi, akaja mteja kajifunika uso.

"Karibu, mama. Nikupe ipi? Ya tui? Ya manjano? Ya mdalasini? Sema basi, wenzio wanangoja!"

Mteja akajifunua. Bi Sukarti! Midomo imeshonwa kwa uzi mweupe, mishono midogo midogo. Wewe Mwanashumu, niachie mguu wangu. Sauti ikatoka tumboni:

"Nimekula nyuzi zako siku mbili. Kinywa hakifunguki. Niazime chako."

"Nisamehe, mama! Nitakupa mabakuli kumi!"

"Utanipa. Tafuna."

Lasmini akatafuna. Bakuli la kwanza, tumbo tupu. La pili, tupu. La tatu, tupu. Anatafuna yeye, anashiba mwingine.

Ngano yangu naiachia hapo; anayeiona fupi akairefushe kwao. Na Lasmini? Alikula sufuria nzima kila siku, akakonda kama mwiko, na hakushiba tena mpaka walipomzika.