Nani Alimwona Kwanza Mtoto wa Tusekile?

Sogeeni. Mwenye mtoto anyonyeshe tu, hadithi itamsubiri.

Kwenye vilima vya chai vya Tukuyu alikuwepo mwendesha baiskeli aitwaye Tusekile, mwenye miguu isiyoogopa mlima. Nyuma yake walikuwepo watu watatu. Fundi Gwamaka alijua kutofautisha chombo kizima na kibovu. Sekela, mwenzake wa mazoezi, alijua kuandika na kutunza alichoandika. Mama mkwe wa Tusekile hakujua kusoma hata namba, lakini alijua kusoma uso wa mtu.

Tusekile alikuwa amepoteza mimba mbili, zote zikiwa changa. Mama mkwe alimwonea huruma, akaapa kwamba neno la mtoto halitatoka tena kinywani mwake.

Chama chao cha baiskeli kilikuwa na vifaa viwili: mkanda wa kifuani unaohesabu mapigo ya moyo, na kipima nguvu cha kwenye pedali, kinachoonyesha mguu unasukuma wati ngapi. Kila asubuhi Tusekile alipanda kilima kilekile kwa wati mia na themanini, na Sekela akaandika mapigo yake.

Wiki mbili kabla ya mashindano, Sekela aliona jambo kwenye daftari. Kilima ni kilekile, wati ni zilezile, lakini moyo uliokuwa ukipiga mara mia na arobaini na nane kwa dakika sasa unapiga mia na sitini na mbili. Tatizo ni kwamba Sekela ndiye aliyekuwa mchezaji wa akiba. Akisema Tusekile hayuko sawa, ataambiwa anaitaka nafasi yake. Alikaa nalo siku nzima, kisha akalifungua daftari mbele ya wote. Na kweli, mmoja akamchoma: "Dada, daftari lako lina njaa ya medali." Sekela hakulifunga.

Wengine wakasema kipima nguvu kimeharibika, Tusekile anasukuma zaidi ya kinavyoonyesha. Jibu hilo liliwapendeza wote, na Gwamaka angeweza kuliitikia akaenda zake kula. Badala yake alitembea kwenye mvua hadi kituo cha kupimia chai, akaazima jiwe la mizani la kilo kumi, akalining'iniza kwenye pedali. Alipima mara tatu, na mara zote kipima nguvu kikausoma uzito uleule. Akarudi ameloa, akasema, "Chombo ni kizima. Kilichobadilika ni mtu."

Tusekile aliona aibu. Akasema basi amezembea, na kesho atakipanda kilima mara sita badala ya tatu.

Asubuhi mama mkwe alimkuta mlangoni akifunga kofia yake. Kwa siku kadhaa alikuwa amemwona akitoka nje kila kitunguu kilipoingia kwenye mafuta, kisha anarudi akitabasamu, macho yamelowa. Alikuwa amenyamaza kwa sababu ya kiapo. Sasa akaushika usukani.

"Mwanangu, leo navunja kiapo. Hujazembea. Moyo wako unafanya kazi ya watu wawili. Twende kliniki."

Siku nyingine Tusekile angecheka. Lakini alikumbuka lile daftari, akakumbuka lile jiwe, akaiegemeza baiskeli ukutani.

Ilikuwa mimba ya wiki sita, na damu yake ilikuwa kidogo. Nesi hakusema baiskeli ndiyo iliyoziharibu zile za mwanzo. Alisema tu kwamba safari hii amewahi, na kuwahi kunasaidia. Sekela aliendesha mashindano kwa niaba yake, akawa wa nne, akarudi na mkungu wa ndizi kwa ajili ya mjamzito.

Sasa mtoto amezaliwa, wa kike, kilo tatu na robo. Gwamaka alitaka kuhakikisha kwa jiwe lake, akafukuzwa chumbani. Baba wa mtoto anamwita "mama" tu, ameridhika. Lakini kwenye kadi nesi ameandika kwa penseli "Mtoto wa Tusekile", na Jumatatu anataka jina.

Kwa desturi yao, bibi mzaa baba ndiye wa kulitoa. Bibi amekataa. Anasema jina alitoe aliyemwona mtoto kwanza.

Sekela anasema yeye aliona namba, hakuona mtoto. Gwamaka anasema yeye aliona chombo kizima, basi. Bibi naye anamfunika mjukuu vizuri na kusema, "Mimi nilimwona, lakini nilinyamaza. Aliyeona akanyamaza, ameona?"

Jumatatu ni keshokutwa, na mtoto amelala hana habari. Haya, ninyi mliosikiliza: kalamu mngempa nani?