Diski Ndogo Isiyo na Kitu

Wapendwa, palikuwa na fundi mmoja wa kompyuta ambaye nyumbani kwake kulikuwa na mtoto asiyemwita jina lolote.

Mtoto huyo hakuwa wake wa kumzaa. Fundi alimuoa mama yake, mjane, baada ya baba wa mtoto kufariki. Na siku ya harusi, ukumbi umejaa, fundi wa watu akashika kipaza sauti, akamwita yule binti mbele ya wageni, akasema, "Mwanangu, kuanzia leo mimi ndiye baba yako. Uniite Baba." Watu wakapiga vigelegele. Mama Mhapa, hata wewe ungepiga, nakujua. Nani asingepiga? Maneno yalikuwa mazuri na yalitoka moyoni. Ila hakuna aliyemtazama mtoto.

Tangu siku hiyo mtoto hakumwita Baba, wala hakumwita kitu kingine. Shikamoo alitoa, tena kwa adabu, akiangalia sakafu. Akitumwa kumwita mezani, husimama mlangoni na kuuambia ukuta, "Chakula tayari."

"Chakula tayari, nani?" fundi huuliza.

"Chakula tayari."

"Nani?"

Mtoto anarudi jikoni, ugali unapoa. Mama naye yuko katikati, hajui amfuate yupi. "Mwache kwanza, mume wangu," humwambia. "Atazoea."

"Atazoea lini? Nimemweleza vizuri, akasikia. Mtoto huyu ana kiburi tu."

Msimhukumu haraka. Alikuwa mtu mwema. Viatu vya shule vya yule binti alivipiga rangi mwenyewe kila Jumapili jioni. Alitamani neno moja tu, na kila lilipokosekana aliumia, na kwa kuwa aliumia akawa mkali. Mnajua inavyokuwa.

Sasa, huyu fundi alikuwa na kazi katika hospitali moja. Hapa wazee wangu mnivumilie, maana haya mambo hata mimi vijana wetu wa kwaya walinieleza hadi wakachoka. Kumbe ndani ya kompyuta moja kubwa mafundi wanaweza kutengeneza kompyuta nyingine isiyoshikika kwa mkono. Wanaiita mashine pepe. Haina chuma chake yenyewe, lakini inafanya kazi kama iliyo nacho. Nayo ina diski yake, yaani ghala la kila inachokijua. Ili iingie humo ghalani inahitaji lugha ya kuzungumza na diski, na hiyo lugha mafundi wanaiita itifaki. Ziko kadhaa, na fundi ndiye anayechagua. Ipo ya zamani, ambayo kila mashine huamka ikiijua, lakini ni ya polepole. Ipo mpya, yenye kasi, lakini hiyo mashine lazima ijifunze.

Pale hospitalini mafaili yote ya wagonjwa yalikuwa kwenye mashine pepe inayotumia lugha ya zamani. Mama anafika na mtoto ana homa, mapokezi wanaandika jina, halafu wanasubiri. Mtoto analia, wanasubiri. Foleni inafika hadi nje kwenye baridi, na faili bado. Fundi akaona huruma, akaamua kuihamisha mashine kwenye lugha mpya. Je, alichagua vibaya? Hapana! Hapo mshike vizuri. Alichagua vizuri kabisa.

Jumamosi, siku isiyo na kliniki, akaiwekea mashine programu ya ile lugha mpya. Akaizima, akaihamisha diski nzima, akaiwasha.

Mashine ikaandika kwamba haina diski.

Mganga mfawidhi, daktari mkuu wa pale, akaja mbio, maana wodini kulikuwa na mgonjwa ameletwa hajitambui, na dawa zinazomdhuru zimeandikwa mle mle ndani.

"Fundi, niambie ukweli. Mafaili yamepotea?"

"Hayajapotea, Daktari. Yapo yote kama yalivyokuwa. Ila mashine haiyaoni."

"Si ulisema umeshaiwekea hiyo programu?"

"Nimeiwekea. Lakini haijawahi kuitumia, kwa hiyo ikiamka haijui hata kwamba inayo."

Huku jasho likimtoka, akairudisha kwenye lugha ya zamani. Mashine ikaamka, mafaili hayo hapo, nesi akapata alichokuwa anakitafuta, mgonjwa akapewa dawa iliyo salama. Angeweza kuishia hapo na kusema mashine hii ni mbovu, haifundishiki. Wangapi tungeishia hapo? Yeye akakaa chini, akafikiri, halafu akafanya jambo moja ambalo mafundi wazoefu wanalijua. Akatengeneza diski nyingine, ndogo, tupu, haina hata faili moja. Akaiunganisha kwa lugha mpya, na ile kubwa akaiacha na lugha yake ya zamani. Hiyo ndogo ikiharibika, hakuna anayelia. Mashine ikaiona, ikaitafuta ile programu, ikaitumia kwa mara ya kwanza, ikaandika kitu kidogo pale, ikakisoma. Baada ya hapo ndipo alipoizima tena na kuihamisha diski kubwa. Ikaamka vizuri, na mafaili yakawa yanafunguka ukibonyeza tu.

Mganga akafurahi sana. "Sasa mbona asubuhi ilikataa?"

"Haikukataa, Daktari. Mimi ndiye niliyetaka ibebe kila kitu ilicho nacho kwa lugha ambayo haijawahi kuisema hata kidogo."

Alipomaliza kusema hivyo akaketi. Mganga alidhani amechoka. Hakuwa amechoka. Alikuwa amesikia maneno ya kinywa chake mwenyewe, na yalimchoma. Kwa mashine alisema haikukataa. Kwa mtoto alisema ana kiburi.

Jioni ile binti akaja akasimama mlangoni. "Chakula tayari."

Lile swali lilikuwa kwenye ulimi wa fundi tayari, kwa mazoea. Akalimeza. "Kazini wananiita Fundi," akasema. "Na wewe ukitaka, niite Fundi."

Jikoni mwiko ukaanguka. "Fundi!" mama akapaza sauti. "Mtoto amwite mume wangu Fundi, kama mtu aliyekuja kuziba bomba? Watu watasemaje?"

"Mwache kwanza, mke wangu," fundi akajibu.

Mtoto akamtazama. Usoni, wapendwa, si sakafuni. Akasema, "Chakula tayari, Fundi."

"Asante. Nakuja."

Basi. Hayo tu ndiyo waliyoambiana, lakini jioni ile ugali uliliwa ungali moto. Fundi ni jina jepesi. Halina kaburi ndani yake, halina harusi, na kulitamka hakumsaliti mtu yeyote. Mtoto alihitaji kitu cha namna hiyo cha kuanzia.

Siku zikaenda. "Fundi, taa ya chumbani imeungua." "Fundi, mama anakuita." Kisha siku moja binti akaja na kitu kimefungwa kwenye kanga, akakiweka mezani, akakifungua taratibu. Redio ya zamani, kifuniko cha betri kimefungwa kwa mpira.

"Fundi, hii redio ya baba imekufa. Inatengenezeka?"

Redio ya baba! Neno alilolitamani tangu ukumbini limetamkwa mezani kwake, na halikuwa lake. Wewe ungefanya nini? Ungemkumbusha kwamba baba yake sasa ni wewe? Fundi aliipokea redio kwa mikono miwili. "Tuifungue pamoja," akasema. "Niambie, baba alikuwa anapenda kusikiliza nini?" Na yule mtoto ambaye hakuwahi kumpa zaidi ya sentensi moja akaongea mpaka chai ikapoa, na mama, huko jikoni, akakaa chini akalia.

Nawaona mnasubiri. Mnataka kujua kama mwishowe alimwita Baba. Sisemi.

Mmeona? Tumekaa na mtoto huyu kwa muda mfupi tu wa mahubiri, na sisi tayari tunamdai! Kipaza sauti kile tunacho mikononi mwetu.

Sisi ni watu wa vigelegele. Mjane hata matanga hajamaliza, tunamwambia ashukuru. Binti ameolewa katika ukoo wetu juzi, tunataka apike kama sisi na awaite mama watu ambao hata hajawajua vizuri. Kijana aliyepotea amerudi kanisani Jumapili moja, tunampa aongoze sala, na akishindwa kusema tunanong'ona kwamba moyo wake mgumu. Tunachowaomba ni kizuri? Ni kizuri. Fundi naye alichagua vizuri. Lakini tulishawahi kuwapa kitu kidogo cha kuanzia, kisichouma? Imani yao ipo, upendo wao upo, havijapotea. Na Mungu wetu, mwenye haki ya kudai yote, ametuvumilia miaka mingapi tukimsalimia huku tunaangalia sakafu?

Leo tukitoka, pale mlangoni atakuwepo mtu aliyekuja kwetu kwa mara ya kwanza. Mzee Nyagawa, nakuomba, usimuulize atajiunga na jumuiya ipi. Kuna mabenchi ya kurudisha darasani. Mwambie akushikie upande mmoja.