Pengo Jeupe la Gazeti la Dirisha

Mnauliza kwa nini gazeti letu la Dirisha hutoka na pengo jeupe kando ya habari. Kaeni. Mimi ndiye niliyezungusha mashine ya kudurufu tangu toleo la kwanza.

Hapo awali gazeti hili lilijaa maandishi pembe hadi pembe. Wanafunzi waliliandika wenyewe bila kumwomba mkubwa yeyote ruhusa. Lakini Mshauri wa Wanafunzi alikuwa ameapa: siku litakapoandika uongo, chumba hiki kitafungwa. Tulifanya kazi tukisikiliza nyayo za koridoni.

Ijumaa moja alasiri tulikuwa tunachapa habari ya maharage yenye wadudu. Nyamizi, mhariri wetu, aliandika kwamba mpishi Mbwilo aliyapika akijua. Mabweni yote yalisema hivyo. Hakuna aliyemuuliza Mbwilo.

Kwa kawaida Mbwilo alichukua kwetu karatasi zilizoharibika, akawashie jiko. Siku hiyo alikuja, akakumbatia furushi lake, kisha akasimama mlangoni akisoma.

"Nyamizi mwanangu, huyu ni mimi?"

Nikaisimamisha mashine.

"Niliyarudisha stoo mara tatu. Wakaniambia pika au nenda nyumbani. Kesho wakubwa wakisoma hili, sina kazi."

Nyamizi alikimbia stoo. Aliporudi, alisema, "Ni kweli."

"Tukikiri tumefungwa," akanong'ona Lugano, msaidizi wake. "Dada, tunyamaze."

 Nyamizi alichukua brashi, akaifuta kwa rangi ile aya kwenye stensili, karatasi ya nta ya kuchapia.  "Baba, tuandike nini hapa?" akamuuliza Mbwilo.

"Sasa hivi siwezi kufikiri. Paacheni."

Tukapaacha. Jumamosi wanafunzi walipanga foleni ya chakula wakiulizana habari za pengo. Mbwilo akawajibu kwenye dirisha la jikoni, upawa mkononi: "Mnatafuta pengo? Pengo ni mimi. Leteni sahani niwasimulie."

Mshauri naye aliuliza. Nyamizi akamwambia, "Palikuwa na kosa letu, Mwalimu." Mshauri akakifunga chumba muhula mzima. Simlaumu, naye alikuwa na wakubwa wake wa kuwaogopa.

Na tangu siku kilipofunguliwa, habari inayomtaja mtu husomwa kwanza mbele yake, na nafasi huachwa kwa maneno yake. Akinyamaza, hubaki nyeupe.

Toleo la kesho linamtaja mlinzi wa lango la chini. Nani kati yenu amekwenda kumsomea?