Msumari Haushiki Kwenye Unga

Kule kwenye vilima vya baridi, wapendwa, mama mmoja mjane alikuwa na nyumba ya mbao na binti wa kuoza. Posa ilikuwa inakuja Jumamosi. Alhamisi akawa anasugua ukuta wa mbele, mara brashi ikazama ubaoni kama imeingia kwenye uji. Akaung'oa ubao. Nyuma yake, nguzo ya pembeni ukiigusa inamomonyoka. Miaka yote mvua ilikuwa inapenya humo, na kwa nje ukuta unang'aa rangi ya bluu!

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, akaja mbio.

"Shemeji, una wazimu? Wageni keshokutwa! Pigilia mbao mpya juu ya hizo, paka rangi. Tutatengeneza baada ya harusi."

"Nizipigilie kwenye nini?" Akachota vumbi la nguzo, akammwagia kiganjani. "Msumari haushiki kwenye unga."

"Utauaibisha ukoo mzima!"

"Basi niaibike. Simwozi mwanangu kwenye nyumba inayooza."

Akaegemeza paa kwa miti miwili, akaung'oa ukuta wote wa mbele.

Jumamosi wageni wakaikuta sebule iko wazi, mpaka vitanda vya ndani vinaonekana, na mama mwenye nyumba ana msumeno mkononi. Baba wa kijana akakunja uso. "Tutarudi mkiwa tayari," akasema. Wakageuka na kreti zao za soda. Binti akaangua kilio.

"Umeona sasa?" akauliza shemeji.

"Nimeona." Akainua ubao mpya. "Haya, shika upande huo wa ubao."

Na mnajua? Akashika.

Jumatatu, umande haujakauka, nani huyo anapanda kilima peke yake na nyundo? Yule kijana mposaji! "Shikamoo, mama. Wazee wanasema tungoje. Mimi nimekuja kujenga." Akaigonga nguzo ya pili kwa ngumi, akasikiliza. "Na hii nayo imekwisha. Tuing'oe."

Harusi ilichelewa miezi miwili. Ikafanyika humo humo.

Ndugu zangu, sisi tunaogopa wageni kuliko tunavyoogopa kuoza. Mambo mangapi majumbani mwetu yanangoja "baada ya harusi"? Mume na mke wangapi mmekaa benchi moja hapa asubuhi hii, na wiki ya tatu hamsemezani? Na sisi viongozi, tunafunika nini kwa sababu askofu anakuja?

Mnacheka. Hata mimi nimejicheka.

Mtasema, tukifunua, watu wataondoka. Ndiyo, wataondoka! Waache waondoke! Afadhali kuonekana unabomoa kuliko kusifiwa unaanguka. Basi leo ukifika nyumbani, kabla hujavua viatu, mwite yule unayemficha jambo, umtazame usoni, umwambie: "Hapa pameoza."