Shati la Fundi Cheche

Panapofuka moshi hapana moto. Wahenga walisema kinyume chake, lakini wahenga hawakuwahi kuketi jikoni kwa mke wa Fundi Cheche. Kwake yeye, moshi ukifuka na moto ukatokea, kazi imeharibika. Alikata shuka kuukuu la pamba vipande vidogo kama stempu, akavipanga ndani ya kopo la dawa ya viatu, akalifunika na kulibandika juu ya jiko la mkaa. Kifunikoni mlikuwa na tundu moja la msumari. Moshi mweupe ulitoka hapo, mwembamba kama uzi. Ulipokata, aliziba tundu kwa kijiti, akaepua kopo na kuliacha lipoe. Ndani vitambaa vilikuwa vyeusi tii, vyepesi kama mbawa za nondo, na cheche moja tu ikiviangukia, viliinasa. Majirani wakambandika jina la Mama Kopo.

Mumewe alikuwa mhunzi. Kila asubuhi kwa miaka arobaini aligonga chuma kwenye jiwe la gumegume, cheche ikaangukia kitambaa, akakitia kwenye nyuzi kavu, akapuliza, tanuri likawaka. Wateja walisimama kumtazama na kuisifu mikono yake. Sifa zote alizipokea yeye, na hakubakiza hata moja ya kumpelekea mkewe. Kopo lile aliliona jikoni kama alivyoliona sufuria: lipo, basi.

Uzee ulipomfungisha karakana, Fundi Cheche alinyong'onyea kama mboga iliyosahauliwa juani. Alishinda uani akinyoosha misumari iliyokwisha kunyooka. Kwa hiyo siku chuo cha ufundi kilipomwita, alivaa viatu kabla ya kumaliza kusoma barua. Mkuu wa chuo alitaka awashe tanuri jipya kwa jiwe na chuma mbele ya wanafunzi. Moto ukiwaka, angepewa somo la kufundisha kila Jumanne. Usipowaka, wangetumia kiberiti cha gesi na habari ingeishia hapo.

Binti yao, karani mwenye moyo mwepesi wa kutoa, alifika na kifurushi.

"Baba, utatoa matambara mbele za watu? Nimekuletea leso mpya, sita, zenye pindo za buluu."

Baba alitabasamu hadi gego la mwisho likaonekana. Mama Kopo aliichukua leso moja, akaisugua kwa kidole gumba.

"Inateleza hii. Ina nailoni."

"Imeandikwa pamba, mama."

"Maandishi hayanasi cheche, mwanangu."

"Wivu huo!" Fundi Cheche alicheka. "Mke wangu, nguo ni nguo. Ustadi uko mkononi."

Mama Kopo alimtazama, kisha akaitazama ile mikono. "Haya," alisema. Neno hilo, likitoka kwa mke wa miaka arobaini, lina uzito kuliko hotuba. Mumewe hakulisikia. Alilikung'uta kopo ndani ya ndoo ya maji machafu ya vyombo, vitambaa vyote vya zamani vikalowa, kisha akazikata leso na kuzipika mwenyewe. Moshi wake ulinuka kama chanuo lililoungua. Vipande vilitoka vyeusi, vikavu, vyenye mng'aro.

"Umeona? Mpaka vinang'aa!"

"Vinang'aa kweli. Kwani kazi yake ni kung'aa?"

Kesho yake asubuhi, wanafunzi walilizunguka tanuri jipya la chuo. Fundi Cheche alikuwa amevaa koti, na ndani yake shati la pamba alilokataa kulitupa tangu ujana, lililofuliwa likawa laini kama ganda la kitunguu. Aligonga chuma. Cheche ziliruka, zikatua juu ya kitambaa, zikafa. Akagonga tena. Zikafa. Mara ya kumi jasho lilimtiririka. Mara ya ishirini mwanafunzi mmoja alinong'ona, "Babu anapiga ngoma," na kicheko kikasambaa. Binti yake aliinamisha uso. Mkuu wa chuo alikohoa kwa adabu na kuingiza mkono mfukoni, mlimokuwa na kiberiti cha gesi.

"Mzee, umejitahidi sana…"

"Mkuu, tupe nusu saa," ilisema sauti kutoka benchi la nyuma. Mama Kopo alikuwa ameshasimama.

Alikwenda darasa la ushonaji, akarudi na mkasi. Alikwenda kwa mama wa chai pale barazani, akaomba jiko lake. Kisha akamwendea mumewe.

"Geuka."

"Unataka nini?"

"Geuka, baba watoto. Pamba tupu mahali hapa ni moja tu, nayo umeivaa."

"Si shati langu! Mbele za wa—"

Kwacha! Mkia wa shati ulikuwa mkononi mwake. Wanafunzi walipiga yowe la furaha. Mama Kopo hakumwangalia mtu. Alizimwaga zile leso, akalitia kopo vipande vya shati, akalifunika, akalibandika. Uzi wa moshi ukachomoza.

"Limeiva," Fundi Cheche alisema baada ya muda, akinyoosha mkono.

Alipigwa kofi la vidoleni. "Ukifungua sasa, hewa ikiingia, utakuta majivu. Subiri moshi ukate. Miaka arobaini hujui hilo?"

Kweli, hakujua. Alichuchumaa kando ya jiko, mzee mzima, akautazama moshi kwa mara ya kwanza maishani mwake, huku mkewe akimweleza kwa sauti ya chini: harufu iwe hivi, tundu lizibwe hivi, lipoe kwanza. Wanafunzi walisogea bila kuitwa.

Kopo lilipopoa, Fundi Cheche aligonga mara moja. Cheche ilitua na haikufa. Doa jekundu, dogo kama chembe ya mtama, lilianza kukila kitambaa taratibu. Alilifungia ndani ya nyuzi kavu, akapuliza, na moto ukalipuka mikononi mwake. Karakana nzima ililipuka nao kwa shangwe.

"Jumanne saa mbili, mwalimu," alisema mkuu wa chuo. "Usichelewe."

"Sisi hatuchelewi," Fundi Cheche alijibu. Alimshika mkewe mkono akamvuta mbele. "Mimi hugonga tu. Moto ni wa huyu. Bila yeye msiniite."

Mkuu aliwatazama wote wawili, akacheka, akakubali. Binti alimkumbatia mama yake.

"Nisamehe, mama. Zile leso…"

"Wewe ulileta zawadi. Zawadi haina kosa."

Fundi Cheche alijipapasa mgongoni, upepo ukimpitia kiunoni. Macho yake yalikuwa yakicheka, ingawa sura aliikunja.

"Na mimi je? Umenivua nguo mbele ya wanafunzi wangu. Hata radhi huniombi?"

"Sikuombi."

"Hata pole kidogo?"

"Hata nusu ya pole. Umemwaga kopo la miaka arobaini kwa leso za jana. Usiache mbachao kwa msala upitao, mume wangu. Na radhi siombi, leo wala Jumanne."