Kifaru Aliyemiliki Hali ya Hewa

Hodi, hodi, wenye masikio!

—Karibu, mwenye mdomo!

Nina mzigo mzito.

—Tua tukupokee!

Nikitua, msikimbie.

—Hatukimbii, tumekaa!

Haya, kama mmekaa, kaeni vizuri. Na wewe unayesinzia pale nyuma, sogea mbele nikuone.

Hapo kale kulikuwa na mji wa wanyama ulioitwa Kavukavu. Mji wenyewe ulikuwa juu, juu kabisa, kwenye jangwa lililopakana na mlima. Mlima uliitwa Mvi, kwa kuwa kichwa chake kilikuwa cheupe kwa barafu mwaka mzima. Upande huu mchanga, upande ule barafu, na hapo katikati wanyama wamebanana na shida zao.

Shida kubwa ilikuwa ile miezi ambayo kiangazi hakijaaga na masika hayajafika. Hapo hali ya hewa ya Kavukavu ilikuwa haishikiki. Asubuhi baridi, meno yanagongana, ka-ka-ka-ka! Ukijifunika blanketi, jua hilo, chwaa! Ukilivua blanketi, upepo huo, vuuu! Blanketi limekwenda. Ukilikimbilia, mvua ya mawe, pa-pa-pa-pa! Ukijificha, jua limetoka tena kama vile halikwenda popote. Mgeni ndiye aliyeuliza leo kutakuwaje. Wenyeji walitoka nyumbani na blanketi, mwavuli na upepeo, wakanyamaza.

Sasa, pembezoni mwa mji kulikuwa na jabali pana, bapa kama meza. Jabali lile ndilo lililopata jua la kwanza, kabla ya nyumba yoyote. Na kila kulipopambazuka Mama Pimbi alipanda juu yake na watoto wake wanne, wakajipanga mstari, matumbo juu ya jiwe, wakaota jua.

Kama hujawahi kumwona pimbi, ni mnyama mdogo, mnene, hana mkia, anakaa mapangoni. Tatizo lake ni moja. Damu yake haijui vizuri kujipasha moto. Pimbi mkubwa akikosa jua la asubuhi atanung'unika mpaka mchana. Pimbi mchanga akikosa jua la asubuhi, basi tena. Mama Pimbi alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Mwaka uliotangulia watoto walikuwa watano, na yule wa tano hakupenda kumzungumzia.

Basi asubuhi moja wako pale jabalini, wameanza tu kupata uvuguvugu, wakasikia, tii! tii! tii! Ardhi inatikisika. Kifaru huyo, anakuja kutoka bondeni, na pembe yake mbele.

"Nani kakaa kitandani kwangu?" akauliza.

"Shikamoo, Mjomba Kifaru," akasema Mama Pimbi. "Si kitanda, ni jabali. Ni la wote."

"Langu!" akasema Kifaru. Akapanda, akajitupa, puu! Ukingo wa jabali ukapasuka. Watoto wakaruka huku na huku. Kifaru akajinyoosha, akalijaza jabali lote, na bado mguu mmoja ukabaki unaning'inia.

"Mjomba, tubakishie pembeni kidogo. Watoto wana baridi. Hatutaki jabali, tunataka jua tu."

"Jua?" Kifaru akafungua jicho moja. "Jua la hapa ni langu pia. Linanipiga mimi, kwa hiyo langu. Ondokeni, mnanitia kivuli!"

Jamani, pimbi kumtia kifaru kivuli! Mmewahi kusikia?

Mama Pimbi akawashusha watoto, akarudi nao pangoni. Pangoni baridi ilikuwa bado imelala. Akawakumbatia wote wanne, akawasugua mgongo, sugu-sugu-sugu, mpaka mikono ikamuuma. Watatu wakapata nguvu kidogo. Yule mdogo kabisa, aliyeitwa Chembe, akatetemeka, akatetemeka, kisha akaacha kutetemeka. Mama Pimbi aliogopa. Chembe alipokuwa akitetemeka ilikuwa afadhali.

Akamlaza tumboni kwake siku nzima. Akalia kidogo, nami simlaumu. Alipomaliza kulia akakasirika, na alipomaliza kukasirika akaanza kufikiri.

Wanyama wa Kavukavu walikuwa na sheria moja tu, ya pili walishaisahau. Sheria yenyewe ilisema hivi: chako kikiharibu, uje ukitoe, kisha utengeneze. Hakukuwa na kulipa wala kusema pole halafu ukaenda zako. Mtoto wa Ngiri akifukua bustani ya jirani, Ngiri mwenyewe aliitwa, akamtoa mtoto wake, akayafukia mashimo kwa mikono yake. Mwiba wa Nungunungu ulipomchoma Kifaru mguuni, nani alikaa katikati ya njia akiidai sheria hiyo kwa kelele? Kifaru mwenyewe! Hakuondoka mpaka Nungunungu akaja, akaung'oa mwiba, akamkanda mguu siku tatu kwa maji ya moto. Kwa hiyo sheria aliijua, tena aliipenda.

Kesho yake asubuhi Mama Pimbi akamfunga Chembe mgongoni kwa majani makavu, akaenda jabalini. Kifaru amelala, anakoroma, khoro, khoro.

"Hodi, Mjomba."

"Wewe tena?"

"Nimekuja kuomba radhi. Jana sikuwa na adabu. Sikujua kuwa jua ni lako."

"Hee!" Kifaru akainua kichwa. Hayo ndiyo maneno aliyoyapenda.

"Nikajiuliza, Mjomba, mkubwa kama wewe awe na jua peke yake? Na upepo je?"

"Wangu!"

"Na vumbi?"

"Langu!"

"Na mawingu yanayotoka Mlima Mvi?"

"Yangu!"

"Na mvua ya mawe?"

Hapo Kifaru akasita kidogo. Akakuna shavu kwenye jiwe. Lakini mdomo ulikuwa umeshazoea.

"Ya nani mwingine? Yangu!"

"Loo, Mjomba, na wanyama hawa wote hawajui! Wanapita hapa wala hawakusalimii. Nikutangazie?"

"Tangaza!" akasema Kifaru. "Tena kwa sauti."

Mtu asikudanganye, pimbi ni mdogo lakini koo lake si dogo. Mama Pimbi akapanda juu ya kichuguu, akapiga yowe, kwiii! kwiii! kwiii! Mji wote ukatoa vichwa nje.

"Sikilizeni, enyi watu wa Kavukavu! Jua ni la Kifaru! Upepo ni wa Kifaru! Vumbi na mawingu na mvua ya mawe, vyote ni vya Kifaru! Si kweli, Mjomba?"

"Kweli kabisa!" Kifaru akanguruma, na kila mtu akasikia.

Wanyama wakatazamana. Kisha wakarudi ndani, wakafikiri.

Jua halijapanda hata kiasi cha mkono mmoja, upepo ukaanza. Vuuu! Kimbunga cha vumbi kikatoka jangwani, kinazunguka, kinazunguka, kikaingia moja kwa moja kwenye shimo la Mzee Ngiri. Punde si punde Ngiri huyo jabalini, mweupe kwa vumbi kuanzia pua mpaka mkia.

"Hodi, Kifaru. Upepo wako umeingia kwangu. Njoo uutoe."

"Upepo gani?"

"Wako. Umesema mwenyewe, nimekusikia. Na sheria unaijua."

Kifaru akataka kukataa. Lakini nyuma ya Ngiri walikuwa wamesimama wanyama kumi na tano, na wa mbele kabisa ni Nungunungu, amekunja mikono. Kifaru akashuka jabalini, akaguna.

Akauona upepo nje ya shimo la Ngiri, umejisokota kwenda juu. Akainamisha pembe, akaukimbilia, tii-tii-tii! Upepo ukahamia kushoto. Akageuka, tii-tii-tii! Upepo ukahamia kulia. Akazunguka nao mara saba, na mara ya nane akapitiliza akaingia kwenye miba. Upepo ukaenda zake bila hata kuaga.

"Umeutoa, ahsante," akasema Ngiri. "Sasa fagia."

Na huku nyuma, jabali lilibaki tupu! Mama Pimbi hakungoja kuambiwa. Akaita watoto, akapanda nao, akamfungua Chembe, akamlaza pale palipokuwa na moto zaidi. Jiwe lilikuwa limeiva vizuri. Akakaa anamtazama. Chembe hakutikisika. Mama Pimbi akaweka pua yake juu ya pua ya mwanawe, akasubiri, na katika mji wote ule hapakuwa na mnyama mwenye hofu kama yeye.

Kule kwa Ngiri Kifaru hajamaliza kufagia, Bi Chura huyo, anaruka, chapu, chapu.

"Hodi, Kifaru. Jua lako limekunywa kidimbwi changu. Chote! Watoto wangu wako kwenye matope. Uje ulitoe, kisha uteke maji."

"Jua nitalitoaje?"

"Simama hapa, utie kivuli. Wewe ni mnene, utatosha."

Basi Kifaru akasimama kuwakinga viluwiluwi na jua. Wingu lilipofunika jua akaenda mtoni chini ya Mlima Mvi, akajaza maji mdomoni, akarudi mbio, akayatema kidimbwini, pwaaa! Akaenda tena, akarudi tena, pwaaa! Mara tano. Mara ya sita alipiga chafya njiani, ikabidi aanze upya.

Na lile wingu lililofunika jua, mnalikumbuka? Lilikuwa wingu la Mlima Mvi, jeusi, limenuna. Likafunguka. Mvua ya mawe, pa! Pa-pa! Pa-pa-pa-pa-pa!

Mama Mbuni akaja mbio, shingo mbele, mabawa juu ya kichwa.

"Kifaru! Mawe yako yananipigia mayai! Mayai kumi na mawili, na mimi peke yangu siyatoshi! Njoo uyafunike!"

"Jamani, ngoja ipite..."

"Ipite ikishavunja? Ni yako, iite irudi! Huwezi? Basi njoo usimame!"

Kifaru akasimama juu ya mayai ya Mama Mbuni, miguu minne imepanuka, haruhusiwi kukaa wala kupiga chafya. Mawe yakamshukia mgongoni, ko! ko! ko! Likamwangukia moja kwenye ncha ya pembe, tiing! Machozi yakamtoka. Mama Mbuni naye amekaa chini ya tumbo lake, pakavu, anamsifu.

"Una tumbo zuri, Mjomba. Usihame."

Mvua ilipopita, jua likatoka, na nyuma ya jua upepo ukaanza tena, vuuu. Kifaru akausikia. Akageuka taratibu. Kutoka nyumba hii Kanga anakuja. Kutoka nyumba ile Kicheche anakuja. Na kule njiani Mzee Ngiri anarudi, mweupe kuliko mwanzo.

Hapo Kifaru akakimbia. Akakimbilia jabalini, maana hakuwa na mahali pengine alipopazoea. Akamkuta Mama Pimbi juu, analia na kucheka kwa pamoja. Kabla mvua haijaanza alikuwa amemwona Chembe akifumbua jicho moja, kisha la pili. Mvua ilipoanza akawafunika wanne wote katika ufa wa jabali, na sasa Chembe alikuwa nje amesimama kwa miguu yake, anapiga mluzi mwembamba, fwii, fwii, anadai chakula.

"Pimbi!" Kifaru akahema. "Waambie! Waambie upepo si wangu!"

"Unajisumbua kwa unyenyekevu, Mjomba. Wako."

"Si wangu!"

"Mimi nakusikia. Lakini wa mjini hawajasikia."

Kifaru akageukia mji, akapiga kelele mpaka mate yakamruka: "Upepo si wangu! Vumbi si langu! Mawingu si yangu! Mvua ya mawe sijawahi kuiona!"

"Na jua?" akauliza Mama Pimbi.

"Jua si langu!"

"Vizuri. Limebaki jabali tu. Nilitaka kukuambia, Mjomba, kile kipande ulichokivunja jana ulipojitupa kimeporomoka, kimeziba mlango wa Fisi hapo chini. Yeye na mama mkwe wake wako ndani tangu asubuhi. Wakitoka watauliza jabali ni la nani."

"Jabali gani?" akasema Kifaru. "Mimi sijui jabali lolote." Akashika njia ya bondeni, tii-tii-tii-tii, na hakugeuka nyuma. Mpaka leo, ukikutana na kifaru, upepo ukavuma, utamwona anautazama kwa pembeni kwanza, anahakikisha hajaitwa.

Wanyama wakafika jabalini, wanahema. Nungunungu akatazama jiwe, akamtazama Mama Pimbi.

"Basi sasa jabali hili ni lako, Mama Pimbi?"

Mama Pimbi alikuwa amechoka, na watoto wake wanne walikuwa wamejipanga mstari, wote wanne, matumbo juu ya jiwe. Akafungua mdomo. Neno "langu" lilishafika kwenye ulimi. Akatazama Mlima Mvi, ambako wingu jingine lilikuwa linachungulia.

"Letu," akasema. "Letu sote. Sogeeni, pandeni."

Wakapanda wote, wakabanana, jua likawapiga dakika kumi nzima kabla mvua haijaanza.

Na mafunzo yake ni haya, yashikeni vizuri. Waheshimuni wakubwa. Mkubwa akisema kitu ni chake, usibishane naye, mpe, kisha mtafutie na vingine umwongezee. Wala msijifunze ujanja, watoto wangu, ujanja ni kitu kibaya sana. Mama Pimbi hakuwa mjanja hata kidogo. Alikuwa na adabu tu.

Mzigo nimetua!

—Tumeupokea!

Aliyecheka?

—Kacheka!

Aliyesinzia?

—Tutamsimulia sisi, tena kwa uongo zaidi!